Blenda, uma au mashine ya mvuke? Kuchagua vyombo vya kumtayarishia mtoto chakula nyumbani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike mwenye umri wa miezi mitano na nusu, ambaye kwa sasa ananyonya maziwa yangu tu. Kliniki wametushauri tuanze kumpa chakula cha nyongeza atakapotimiza miezi 6, na wakati huohuo likizo yangu ya uzazi itakuwa imekwisha. Kwa hiyo atakayemlisha mchana ni mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye na ambaye namshukuru kwa moyo wake, ingawa katika jambo hili tumetofautiana.

Mume wangu ameona mashine ndogo yenye bakuli moja, ambayo hupika chakula kwa mvuke kisha hukisaga humohumo, naye anataka tuinunue ili kazi iwe nyepesi. Mama mkwe anasema wanawe wote walikua kwa chakula cha kupondwa kwa uma na kupitishwa kwenye chujio, na kwamba mashine hiyo itakuwa pambo la kabatini kabla mtoto hajaota meno. Mwenzangu wa kazini anasisitiza kwamba blenda yetu kubwa inatosha kabisa. Niliijaribu kwa karoti mbili zilizochemshwa: vipande viliruka vikanata ubavuni mwa jagi, visu vikabaki vinazunguka bila kushika kitu, nikaongeza maji, nikaongeza tena, mwishowe nikapata kitu cha kunywa badala ya kulishwa kwa kijiko. Juu ya hayo, jagi lina harufu ya vitunguu na pilipili isiyotoka hata nikilisugua.

Naomba pia kujua kama sufuria zetu za alumini zinafaa kwa chakula cha mtoto, na kama vyombo vya plastiki ni salama au nitafute vya kioo. Friji yetu ina kijisehemu kidogo cha kugandishia, na umeme hukatika mara kwa mara. Jiko letu ni dogo, na sitaki kununua vitu kumi ili nije kutumia viwili.

Mama Anayejiandaa

*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kumnyonyesha binti yako mpaka kufikia hapo.

Nitaanza na jibu ambalo mumeo analisubiri: mashine hiyo ya kupika na kusaga katika bakuli moja msiinunue. Kinachowafaa ni sufuria nzuri yenye kikapu cha mvuke, uma imara, chujio la chuma, blenda ndogo ya kushika mkononi, na vyombo vidogo vya kuhifadhia vyenye vifuniko. Naamini baadhi ya hivyo tayari mnavyo. Sababu zangu ni ndefu kuliko jibu lenyewe, lakini naomba uzisome zote, kwa kuwa vyombo mtakavyochagua ndivyo vitakavyoamua kama mtoto atapata chakula chenye uzito au maji yenye rangi ya chakula siku ambazo wewe uko kazini.

Tutazame kwanza kiasi na muda, maana matangazo ya mashine hizi huviruka vyote viwili. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi miezi 6, kisha aanze chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya mpaka afikishe miaka 2 au zaidi. Mwanzoni mtoto huhitaji vijiko vya chakula 2 au 3 tu kwa mlo, mara 2 hadi 3 kwa siku, na kiasi hicho huongezeka polepole mpaka kufikia nusu ya kikombe cha mililita 250. Akifikisha miezi 6 chakula chake hupondwa kikawa laini, lakini kufikia miezi 8 watoto wengi huweza kushika kwa vidole vipande laini na kuvitia kinywani wenyewe, na kufikia mwaka 1 wengi hula kile kinachopikiwa familia, kikiwa kimekatwakatwa au kupondwa pale inapobidi. Maana yake ni kwamba kipindi ambacho binti yako atahitaji chakula kilichosagwa mpaka kikakosa hata punje ni cha wiki chache, wala si mwaka mzima. Katika hilo mama mkwe wako ameona mbali.

Ulaini uliopitiliza una hasara nyingine. Utafiti mkubwa uliofuatilia watoto waliozaliwa katika eneo la Avon nchini Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wale walioanza kupewa chakula chenye mabongebonge baada ya miezi 10 walikuwa wagumu zaidi kulishwa walipofikisha miezi 15 kuliko wale walioanza kati ya miezi 6 na 9, na tofauti hiyo ilikuwa bado inaonekana walipofikia miaka 7. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba ulaini ndio uliosababisha usumbufu wote huo, kwa sababu huenda baadhi ya watoto walicheleweshewa mabonge kwa kuwa walikuwa wagumu wa kula tangu mwanzo. Hata hivyo mimi nauchukulia kwa uzito, kwani mtoto hujifunza kutafuna kwa kutafuna, na mashine inayotoa rojo la aina moja kila siku humnyima nafasi hiyo bila mtu yeyote nyumbani kukusudia. Chombo ninachokisifu ni kile kinachokuruhusu kuacha punje kidogo leo na kubwa zaidi mwezi ujao, na hapo uma hushinda mashine nyingi.

Sasa karoti zako. Kilichokusumbua ni umbo la jagi, wala blenda yako si mbovu. Blenda kubwa husaga kwa kuzungusha kimiminika ambacho hukivuta chakula kirudi kwenye visu. Chakula kikiwa kidogo na kikavu, hurushwa pembeni na kubaki huko, na ndiyo maana ulijikuta unaongeza maji. Kwa mtu mzima maji hayo si kitu. Kwa mtoto ni jambo kubwa, kwa sababu tumbo lake hubeba takribani gramu 30 tu kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 7, kwa mfano, hushiba kwa gramu 200 hivi, ziwe zimejaa chakula au zimejaa maji. Katika umri wa miezi 6 hadi 8 anahitaji takribani kilokalori 200 kwa siku kutokana na chakula cha nyongeza, mbali na zile anazozipata kwenye maziwa ya mama, na hawezi kuzipata kwa kitu chepesi kinachochuruzika. Kipimo ni rahisi na hakihitaji mizani: chota chakula, kiinamishe kijiko kidogo, kikibaki kijikoni ni sawa, kikimwagika ni chepesi mno.

Ndiyo sababu ninapendekeza blenda ya mkono. Kichwa chake hushuka mpaka kwenye chakula, hivyo chakula hakihitaji maji mengi ili kivifikie visu, na ukitumia kikombe chembamba chenye kina kirefu unaweza kusaga hata mlo mmoja tu. Pale unapohitaji kulainisha, tumia maziwa yako uliyoyakamua au maji yaliyobaki chini ya kikapu cha mvuke, ukitia kijiko kimoja kimoja badala ya kumimina. Usiende kuitafuta yenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa karoti iliyoiva haihitaji nguvu hiyo. Angalia badala yake kibandiko kilicho kwenye mwili wake, ambacho mara nyingi huonyesha muda ambao inaruhusiwa kufanya kazi mfululizo bila kupumzishwa. Kwa nyingi ni dakika 1 tu, na wanaozidisha ndio wanaorudi dukani kulalamika kwamba imeungua.

Kabla ya kulipa, igeuze juu chini na uichungulie mahali mhimili wa visu unapoingia kwenye kikombe cha chuma kinachovifunika. Hapo huwa na mwanya mdogo, na katika mwanya huo ndimo nyuzi za nyama na maganda ya maharagwe hujificha. Chagua ile ambayo mguu wake wote hufunguka kutoka kwenye mota, ukaweza kuzamishwa majini na kuoshwa kwa brashi ndogo, na ambayo mguu huo ni wa chuma kisichoshika kutu. Ile ambayo haifunguki huoshwa nusunusu kwa hofu ya maji kuingia kwenye mota, na chombo kinachooshwa nusunusu hakimfai mtoto.

Kanuni hiyohiyo itakueleza siri ya harufu ya blenda yako kubwa. Fungua kitako chenye visu, na chini yake utakuta mpira wa duara unaozuia jagi lisivuje. Utoe kwa ncha ya kijiko na uutazame upande wa ndani. Mara nyingi utakuta utando wa kijivu au weusi wa ukungu, na mpira wenyewe umekwisha kunywa mafuta ya vitunguu na pilipili. Kusugua jagi hakuwezi kuuondoa uchafu uliokaa kwenye mpira. Ukipata mpira mpya wa aina hiyohiyo, blenda yako itaweza kumtumikia mtoto siku unazopika kingi cha kugandisha, ingawa ikiwa jagi ni la plastiki na limekwaruzika sana, harufu itabaki na ni bora liendelee na kazi yake ya viungo. Na tafadhali mwonye kila anayeitumia kwamba chakula cha moto hakisagwi kwenye jagi lililofungwa kabisa: mvuke hutanuka ghafla, hukirusha kifuniko na kumwaga chakula kinachounguza. Kiacheni kipoe kwanza, jagi lisipite nusu, tundu la katikati ya kifuniko liachwe wazi, na juu yake kifunikwe kitambaa kinachoshikiliwa kwa mkono.

Yapo mambo ambayo visu vya aina yoyote huyaharibu. Viazi ndivyo mfano mkubwa: vikisagwa kwa kasi, wanga wake huachiliwa wote kwa pamoja na kuwa kitu kinachonata kama gundi, ambacho mtoto atakisukuma nje kwa ulimi, nanyi mtadhani hapendi viazi. Viazi vipondwe kwa uma au kipondeo vikiwa bado vya moto. Parachichi na ndizi mbivu havihitaji chochote zaidi ya uma na sahani bapa. Chujio nalo lina kazi yake maalumu, nayo ni kuondoa maganda ya maharagwe, njegere na dengu, ambayo hata blenda nzuri huyaacha katika vipande vyembamba vinavyonata kooni. Bonyeza chakula kwa mgongo wa kijiko kipite chini, na usisahau kukwangua kilichoshikilia upande wa nje wa chujio, maana kizuri kingi hubaki hapo. Chagua chujio la chuma lenye ukingo uliokunjwa vizuri, lisilo na nyuzi zilizoanza kuchomoka, kwa sababu uzi mmoja wa chuma ndani ya bakuli la mtoto ni hatari ambayo hamtaiona kwa macho. Likianza kulegea, litupeni bila huruma.

Kuna pia kinu kidogo cha kuzungusha kwa mkono, chenye sahani za matundu za kubadilisha. Ningekuwa sina umeme kabisa, hicho ndicho ningekinunua kabla ya kitu kingine chochote, kwani husaga na kuchuja kwa pamoja, na sahani yenye matundu makubwa hukupa chakula chenye punje mtoto anapokua. Kwa kuwa umeme kwenu hukatika lakini hurudi, uma na chujio vitawavusha katika saa hizo.

Mahali ambapo sitamuunga mkono mama mkwe moja kwa moja ni kwenye nyama. Akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto huzaliwa nayo hupungua sana kufikia umri wa miezi 6, na nyama ni miongoni mwa vyakula vinavyoirudisha vizuri zaidi, lakini uma hauwezi kuilainisha ipasavyo, na matokeo yake ni kwamba katika nyumba nyingi mtoto hupewa mchuzi na nyama ikabaki sufuriani. Hapa blenda ya mkono inastahili nafasi yake. Pikeni nyama mpaka iwe inaachana yenyewe, ikateni vipande vidogo kwa kukatisha nyuzi zake, kisha isagwe na mchuzi kidogo pamoja na kiazi au boga lililopondwa kando, ili ishikamane na isiwe chengachenga. Ikiwa mna sufuria ya presha, itumieni kwa nyama na maharagwe, kwa sababu hupunguza muda wa kupika na kuilainisha nyama kuliko sufuria ya kawaida. Kwa maharagwe mekundu nina onyo moja: yana sumu ya asili ambayo huharibiwa kwa kuchemka hasa, hivyo yalowekwe saa 5 au zaidi, maji hayo yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu katika maji mapya kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto. Vyungu vya umeme vya kupikia polepole huenda visifikie joto hilo, kwa hiyo visitumike kwa maharagwe hayo mabichi.

Nirudi kwa mashine ya mumeo, ili asione kwamba nimeihukumu bila kuisikiliza. Inawafaa wazazi wenye mapacha, au mtu mwenye maumivu ya mikono ambaye kuponda ni mateso kwake, na ni kweli kwamba hupunguza vyombo vya kuosha. Lakini tangi lake la maji hujenga ukoko mweupe wa chokaa, ambao lazima uondolewe kwa siki mara kwa mara, na tangi lisilokaushwa huota ukungu mahali ambapo vidole havifiki. Visu vyake mara nyingi hutoa ulaini wa aina moja tu. Bakuli lake kwa kawaida ni la plastiki, nalo hupokea mvuke wa moto kila siku. Tena kifaa kinachounganisha kazi mbili kikiharibika upande mmoja, mnapoteza kazi zote mbili. Sufuria na blenda ya mkono mtaendelea kuvitumia hata baada ya mtoto kuanza shule.

Kuhusu sufuria, kupika kwa mvuke kunafaa zaidi ya kuchemsha, kwa kuwa vitamini zinazoyeyuka majini, kama vile vitamini C, hupotea kidogo tu. Kikapu cha chuma kinachokunjuka ndani ya sufuria yoyote yenye kifuniko kinachobana kinatosha. Hakikisheni maji hayagusi kikapu na hayakauki chini. Sufuria yenyewe, ikiwezekana, iwe ya chuma kisichoshika kutu. Alumini ya kiwandani isiyochakaa si jambo la kumkosesha mtu usingizi, ila usipikie humo vitu vichachu kama nyanya na malimau, wala usilaze chakula humo. Kinachonitia hofu zaidi ni sufuria zilizoyeyushwa na kusubuliwa kutokana na vyuma chakavu, ambazo zimewahi kupimwa katika nchi mbalimbali na kukutwa zikitoa madini ya risasi kwenye chakula. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kama hujui sufuria yako ilitengenezwa na nini, usimpikie mtoto ndani yake, na vivyo hivyo kwa vyombo vya udongo vyenye rangi za kung'aa ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya chakula.

Katika suala la plastiki naomba uiogope kwa kiasi. Chupa za kulishia watoto zilizotengenezwa kwa plastiki yenye kemikali iitwayo bisifenoli A zilipigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2012, na vyombo vingi vya watoto sasa hutengenezwa kwa polipropilini, ambayo hutambulika kwa namba 5 ndani ya pembetatu ya mishale chini ya chombo. Hata hiyo si ya kutiwa chakula kinachofuka moshi: mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha Trinity College Dublin nchini Ireland waliripoti kwamba chupa za polipropilini huachia chembechembe nyingi mno za plastiki zinapotiwa maji ya moto, na kadiri maji yanavyokuwa ya moto zaidi ndivyo chembe zinavyoongezeka. Madhara yake kwa mtoto bado yanachunguzwa, lakini kujikinga ni rahisi. Kisagie chakula kwenye chuma au kioo, kiache kipoe, ndipo kihamie kwenye plastiki kwa ajili ya kuhifadhiwa. Na wakati wa kupasha moto kitolewe tena. Vyombo vya kioo ni vizuri kwa friji. Kwa kugandisha, chagueni vyenye ubavu ulionyooka bila shingo nyembamba, na mwache nafasi juu, kwa kuwa chakula hutanuka kinapoganda na kioo hupasuka.

Trei ya barafu yenye kifuniko ndiyo chombo ninachokipenda kuliko vyote katika orodha hii, pengine kwa sababu ni rahisi na hakina mota. Kila kishimo huchukua takribani kijiko kimoja au viwili vya chakula, hivyo mama mkwe atatoa vipande anavyovihitaji tu. Trei za silikoni hutoa vipande kwa urahisi, ingawa baadhi hushika harufu za friji. Chakula kipozwe haraka kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, kiingie kwenye friji au friza ndani ya saa 2 baada ya kupikwa, na kikishaganda kihamishiwe kwenye mfuko safi ulioandikwa tarehe. Katika friji yenye baridi isiyozidi nyuzi 5, chakula cha nyama kitumike ndani ya siku 1 na cha mboga ndani ya siku 2.

Hata hivyo, kichunguze kwanza kijisehemu chako cha kugandishia kabla ya kukitumaini. Kwenye mlango wake mara nyingi huwa na alama za nyota: nyota 1 ni nyuzi 6 chini ya sifuri, nyota 2 ni nyuzi 12, na nyota 3 ni nyuzi 18, ambacho ndicho kiwango cha kuhifadhia chakula kwa mwezi mmoja au miwili bila wasiwasi. Kikiwa na nyota 1, gandisheni cha siku chache tu. Friza iliyojaa isipofunguliwa hushikilia baridi takribani saa 48 umeme unapokatika, na iliyojaa nusu saa 24, lakini hizo ni friza kamili. Kijisehemu kilicho ndani ya friji kisipewe imani hiyo, na friji yenyewe hutegemewa kwa saa 4 tu. Kwa hali ya umeme wenu, ningependa mgandishe nyama iliyosagwa na maharagwe yaliyochujwa, vitu vyenye kazi kubwa, na mboga zipikwe na kupondwa siku hiyohiyo ya kuliwa. Vipande vikishayeyuka kabisa na kupata joto, visirudishwe kuganda.

Vipande viyeyushwe ndani ya friji usiku, visiachwe mezani. Vipashwe moto mara moja tu mpaka vifuke moshi kote, vikorogwe, kisha vipoe kabla ya kulishwa. Anayetumia maikrowevu akoroge mara mbili, kwa sababu hupasha vibaya na kuacha mahali panapounguza katikati ya chakula kinachoonekana vuguvugu. Chakula kilichoguswa na kijiko kilichotoka kinywani mwa mtoto kimwagwe mara mlo unapokwisha, na kwa hiyo anayemlisha achote kidogo kwanza kwenye bakuli la kulia, badala ya kumlisha kutoka kwenye chombo cha akiba.

Vingine ni vidogo. Ubao wa kukatia nyama mbichi uwe tofauti na ule wa mboga na matunda. Kijiko kiwe kidogo na chenye ncha laini. Mifuko ya kujazwa chakula ili mtoto afyonze msiisumbukie, kwani pembe zake ni ngumu kuosha na kufyonza hakumfundishi kula kwa kijiko.

Mwende kununua mkiwa na mama mkwe, kwa kuwa yeye ndiye atakayetumia na kuosha. Mpe blenda ya mkono aishike, abonyeze kitufe huku akijifanya anashikilia kikombe kwa mkono wa pili; nyingine huhitaji kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja kwa ajili ya usalama, na vidole vya mtu mzima huchoka upesi. Aufungue mguu na kuurudisha mwenyewe bila kuelekezwa. Kisha muulize muuzaji kama visu na mipira ya kuzibia huuzwa peke yake, na akishindwa kukuonyesha hata kimoja, tazameni ya aina nyingine.

Shangazi